Florence Nightingale na Mbwa Mzee wa Mchunga Kondoo



Kila mwaka tarehe 13 Agosti Kanisa la Uingereza humkumbuka Florence Nightingale, na wauguzi walio katikati yetu humkumbuka tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa. Habari ya taa yake mnaijua tangu shuleni. Sisi leo tunataka kuanza maisha yake mahali pengine, chini ya meza katika kibanda cha mzee maskini, na tunayo sababu.

Mzee mmoja wa mtaa wetu, aliyekuwa mlinzi wa usiku kwa miaka mingi, alifariki siku chache kabla ya Pasaka. Chumba alichopanga kimekwisha kuchukuliwa na watu wengine, na watoto wake wako mbali. Kilichobaki uani ni mbwa wake, ambaye marehemu alimwokota mtaroni akiwa mdogo, akamlea kwa makombo yake mwenyewe, na kwa miaka kumi na mmoja wakalinda pamoja. Sasa mbwa huyo ana mvi mdomoni, jicho moja lina ukungu, na masikio hayasikii vizuri. Tulipouliza afanywe nini, watu watatu, wote waungwana, walitushauri apewe sumu. Hawakusema kwa ukatili. Walisema kwa sababu hawakuona kazi yoyote aliyobakiwa nayo. Ushauri wa namna hiyo ndio uliotukumbusha Florence, kwa maana mgonjwa wa kwanza anayetajwa katika maisha yake alikuwa amehukumiwa vivyo hivyo.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence huko Italia, wazazi wake wakiwa safarini, na ndipo alipopata jina. Dada yake, Parthenope, alikuwa amezaliwa mwaka mmoja kabla. Wazazi walikuwa watu wa mali. Walikuwa na nyumba mbili kubwa Uingereza, moja ikiitwa Lea Hurst, huko Derbyshire, ya kukaa wakati wa kiangazi, na nyingine Embley, huko Hampshire, upande wa kusini. Baba aliwafundisha binti zake mwenyewe, Kigiriki, Kilatini, historia na hesabu. Florence alipenda hesabu kuliko dansi, jambo ambalo mama yake hakulifurahia.

Wanaosimulia utoto wake hawaachi kumtaja Peggy, farasi mdogo wa kijivu aliyekuwa amezeeka na kupumzishwa kazi. Peggy aliwekwa katika uwanja wa majani karibu na nyumba, hapandwi wala kuvuta kitu. Florence alikuwa akienda uwanjani na tunda mfukoni, na yule farasi mzee akamfuata akimnusanusa mpaka alipate. Tunalitaja hili ili ijulikane kwamba binti huyu aliona mapema mnyama aliyemaliza kazi akipewa mahali pa kukaa. Lakini aliona hayo katika nyumba ya tajiri. Katika nyumba ya maskini mambo yalikuwa mengine.

Siku moja, akiwa bado msichana, alikuwa amepanda farasi pamoja na kasisi wa mtaa wao, mtu ambaye alikuwa amejifunza utabibu kidogo kabla ya kuingia katika kazi ya kanisa. Wakipita kwenye vilima vya malisho walimkuta mzee Roger, mchunga kondoo, akihangaika peke yake, kondoo wametawanyika huku na huku wala hawamsikii. Mbwa wake, Cap, hakuwapo. Wakamwuliza yuko wapi. Akajibu kwamba watoto watundu wamempiga mawe, mguu umeumia, hawezi tena kukanyaga, na kwamba yeye ni maskini asiyeweza kulisha mbwa asiyefanya kazi. Jioni ile atakaporudi atatafuta kamba amnyonge.

Tusimhukumu Roger upesi. Mshahara wa mchunga kondoo wa siku zile ulikuwa mdogo, na mkate aliokula mbwa ulitoka mdomoni mwake mwenyewe. Alimpenda Cap. Aliishi naye kibanda kimoja, na alikuwa akimwacha peke yake nyumbani bila wasiwasi. Lakini kwake mapenzi yalikuwa na kikomo, na kikomo hicho kilikuwa mguu. Wengi wetu tunafuga hivyo hivyo. Mbwa wa kwetu ni mlinzi, hulala nje, hufunguliwa usiku na kufungwa mchana, na siku anapoacha kubweka tunaanza kumwona ni mdomo tu wa kulishwa.

Florence alimwomba kasisi waende wakamtazame. Kibanda kilikuwa kimefungwa, wakapata ufunguo kwa jirani. Ndani, Cap alikuwa amejikunyata chini ya meza, akanguruma. Florence hakumvuta. Aliinama, akamwita kwa sauti ndogo, akangoja, mpaka mbwa mwenyewe akatambaa kutoka akaja miguuni pake. Kasisi akaupapasa mguu, akaona kwamba haukuvunjika, bali umevimba vibaya kwa pigo. Akasema dawa ni kukandwa kwa maji ya moto. Hiyo ni kazi ambayo bibi zetu wote wanaijua. Kijana mmoja akawasha moto, maji yakatiwa chunguni, na kwa kuwa hapakuwa na kitambaa chochote, Florence aliliona vazi la kazi la Roger limetundikwa nyuma ya mlango, safi, akalichana vipande. Alijua mama yake atakubali kumnunulia mzee jingine. Akaketi chini akamkanda Cap kwa muda mrefu, akichovya na kukamua, mpaka uvimbe ukaanza kupungua.

Jioni Roger akaingia na kamba mkononi. Cap alimwona, akajaribu kusimama, akatikisa mkia. Kamba haikutumika. Siku iliyofuata Florence alirudi akamkanda tena, na baada ya siku chache mzee na mbwa walionekana tena vilimani pamoja na kondoo, Cap akichechemea lakini yupo.

Waandishi wa maisha yake hukisimulia kisa hiki kana kwamba kilimfanya awe muuguzi siku ile ile. Sisi hatudhani mambo yalikwenda kwa urahisi hivyo. Tarehe 7 Februari 1837, akiwa na miaka 16, aliandika kwamba Mungu amemwita katika utumishi wake. Lakini hakuambiwa ni utumishi gani, na miaka mingi ikapita kabla hajapata njia. Uuguzi wa hospitali katika siku hizo ulikuwa kazi ya wanawake waliokosa kazi nyingine, na wengi wao walijulikana kwa ulevi. Kwa wazazi wake, binti wa nyumba yao kwenda kukaa wodini ilikuwa aibu tupu. Alichumbiwa na mtu mwema, mshairi na mbunge, Richard Monckton Milnes. Alimpenda, kisha baada ya kumngojesha miaka mingi akamkataa, akiona kwamba maisha ya karamu yatamzuia.

Mwaka 1850, akiwa safarini Ugiriki, aliwakuta watoto wakimchezea kinda la bundi lililoanguka karibu na hekalu la Parthenon huko Athene. Alimnunua, akamwita Athena. Huku kwetu bundi akilia juu ya paa watu huanza kuhesabu wagonjwa wa nyumbani, lakini Florence alimbeba bundi wake mfukoni, akamlisha kwa mkono, na Athena akawa anawadonoa wageni asiowapenda.

Mwisho wa Athena ni wa kusikitisha, nasi tunausimulia sasa ingawa tunaruka miaka minne. Oktoba 1854 nyumba nzima ilikuwa katika pilikapilika za kumwandaa Florence kwenda vitani. Watu wa nyumbani walimfungia bundi darini, wakidhani atajitafutia panya. Yule alikuwa amezoea kulishwa kwa mkono wa mtu, hakujua kuwinda. Alipokumbukwa alikuwa amekwisha kufa. Florence, ambaye hakulia mbele ya watu, alilia siku hiyo. Hakuna aliyekusudia ubaya. Walidhani tu kwamba mnyama ni mnyama, atajua la kufanya. Ndivyo tunavyosema nasi tunapohama mji na kumwacha mbwa nyuma ili watakaohamia wamkute.

Turudi nyuma kidogo. Baada ya kukaa kwa mashemasi wa kike wa Kaiserswerth huko Ujerumani mwaka 1850, na tena kwa muda mrefu zaidi mwaka 1851, wazazi walilegea. Mwaka 1853 baba yake alimpa pauni 500 kwa mwaka, na Florence akawa msimamizi wa nyumba ndogo ya wagonjwa katika mtaa wa Harley, London. Wagonjwa wake wengi walikuwa wanawake waliofundisha watoto katika nyumba za matajiri. Mwalimu wa namna hiyo alikaa na watoto wa watu miaka ishirini au thelathini, na watoto walipokua aliagwa. Hakuwa mtumishi wa kukaa jikoni wala hakuwa ndugu wa kukaa sebuleni. Alipougua uzeeni hakuwa na pa kwenda. Florence alitia maji ya moto ya mabomba kila ghorofa na kengele kila kitanda, na alipoambiwa awapokee Waanglikana tu alikataa katakata, akasema ataondoka kama Wakatoliki na Wayahudi hawatapokelewa. Akashinda.

Kisha vita. Tarehe 21 Oktoba 1854 aliondoka London na wanawake 38, na mapema Novemba wakafika Skutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, katika kambi kubwa ya askari iliyogeuzwa hospitali. Majeruhi walilala sakafuni katika damu yao, panya wakipita katikati. Mfereji wa maji machafu ulipita chini ya nyumba umeziba. Katika majira ya baridi ya kwanza walikufa hapo askari zaidi ya 4,000, wengi wao kwa kipindupindu, homa na kuhara kuliko kwa risasi. Taa yake ilipita usiku katika maili nne za vitanda, ni kweli, lakini vifo vilipungua hasa baada ya tume ya afya kufika Machi 1855 na kuzibua mitaro na kufungua madirisha. Florence mwenyewe alilitambua hilo baadaye alipokaa na takwimu, na lilimchoma moyo mpaka kufa kwake. Hakuwa mtu wa kujificha penye hesabu. Mwaka 1858 akawa mwanamke wa kwanza kupokelewa katika chama cha wataalamu wa takwimu cha Uingereza.

Mei 1855 akiwa Balaklava alishikwa na homa kali, karibu afe. Wataalamu wengi wa leo wanadhani ilikuwa ile homa inayotokana na maziwa mabichi ya mbuzi na ng'ombe, ambayo wafugaji wetu wanaijua kwa jina la brusela. Homa hiyo ikikaa mwilini hurudi tena na tena.

Agosti 1856 alirudi kwao kimyakimya, kwa jina la uongo ili asipokelewe kwa ngoma, akatembea kwa miguu kutoka stesheni mpaka Lea Hurst. Lakini alikuwa amewatanguliza watu wake nyumbani. Kulikuwa na mvulana baharia mwenye mguu mmoja, na yatima wa Kirusi aitwaye Peter. Pia kulikuwa na mbwa mkubwa wa huko Krimea, Rousch, ambaye askari walimpa zawadi. Wengine walirudi vitani na nishani. Yeye alileta hawa watatu, na kwanza akawatafutia mahali pa kukaa kabla hajatafuta pa kwake.

Na pa kwake palikuwa kitanda. Tangu mwaka 1857 ile homa ilimrudia vibaya, akawa hawezi kusimama kwa muda mrefu wala kuvumilia kelele. Alikuwa na miaka 37. Tangu hapo mpaka alipokufa, zaidi ya miaka hamsini, aliishi zaidi chumbani, na kwa miaka mingi hakuonana na mtu ila kwa miadi, mmoja mmoja. Kama thamani ya mtu ingekuwa miguu yake, hapa ndipo habari yake ingekwisha. Kumbe kazi kubwa ilikuwa bado. Kutoka kitandani aliandika juu ya afya ya askari wa Uingereza na wa India, juu ya namna ya kujenga hospitali, juu ya wakunga. Mwaka 1860, kwa fedha zilizochangwa na wananchi, alifungua shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas, London, ambayo desturi zake zimefika hadi katika hospitali zetu za misheni.

Wakati huo huo kilitoka kitabu chake kidogo juu ya uuguzi, kilichoandikwa kwa ajili ya mama wa nyumbani. Tulikisoma upya wiki hizi, tukashangaa jinsi kinavyomfaa yule mbwa uani. Anasema habari ya hewa safi kwanza, kisha anasema sana juu ya kelele. Si kelele kubwa inayomwumiza mgonjwa, ila ile ya ghafula. Mlango unaogongwa, mtu anayenong'ona nje ya chumba, anayesema naye kutoka nyuma mpaka ageuke, anayegonga kitanda akipita. Anataka mgonjwa aone anayemjia. Na mahali pengine anasema kwamba mnyama mdogo ni mwenzi mzuri wa mgonjwa, hasa wa ugonjwa wa siku nyingi, na kwamba mgonjwa akiweza kumlisha na kumsafisha mwenyewe, aachiwe afanye.

Mbwa mzee asiyesikia na asiyeona vizuri ni wa namna hiyo hiyo. Akishikwa mgongoni akiwa usingizini atauma, naye hana kosa. Bwana mifugo tuliyemwuliza alituambia kwamba mbwa wa umri huo asipelekwe penye mbwa wengine vijana wenye vita, wala penye watoto wadogo wa kumrukia. Apewe pembe moja, isiyo njia ya watu, yenye kivuli mchana na ukavu usiku, na asihamishwe hamishwe. Gunia lake la zamani aende nalo bila kufuliwa, kwa kuwa pua yake bado inafanya kazi na itamwambia kwamba hajapotea. Chakula kiwe laini, mara mbili kwa siku, kidogo kidogo, maana meno yamekwisha. Siku za kwanza akiingia chini ya kitu, aachwe humo mpaka atoke mwenyewe, kama Florence alivyomngoja Cap. Asifungwe mnyororo, bali ua uwe na lango, kwa sababu siku za mwanzo atataka kurudi kwa bwana wake na barabara haina huruma. Chanjo ya kichaa cha mbwa achomwe kila mwaka hata kama ni mzee, maana ugonjwa huo ukimpata mtu na dalili zikionekana, ni mauti. Na siku ya maumivu yasiyotibika ikifika, aitwe bwana mifugo kwa sindano ya upole. Tunasema wazi kwamba hilo si dhambi, na ni tofauti kabisa na sumu ya kumwondoa aliye mzima.

Tumekaa sana hapo. Tuyamalize maisha yake. Mwaka 1865 alisaidia kupeleka wauguzi 12 wakiongozwa na Agnes Jones katika hospitali ya nyumba ya maskini huko Liverpool. Nyumba hizo ziliwakusanya wazee, vilema na wasio na kazi, na mpaka wakati huo wagonjwa waliuguzwa na maskini wenzao, wengi walevi, wasiojua lolote. Agnes alikufa kwa homa mwaka 1868, akiwa na miaka 35, lakini wazo halikufa. Florence alishikilia kwamba maskini akiugua si mzigo tena wa kuadhibiwa, ni mgonjwa, na ana haki ya mwuguzi aliyefunzwa. Leo jambo hili laonekana dogo. Siku zile lilipigiwa kelele na walipa kodi waliouliza fedha hizo zitarudisha nini.

Katika nyumba yake ya mtaa wa South, London, alimohamia mwaka 1865, wenzi wake walikuwa paka, wengi sana kwa miaka yote hiyo. Barua zake nyingine zina alama za nyayo zao zilizokanyaga wino. Paka walipozaa, hakuwagawa kwa yeyote aliyepita. Alichagua nyumba, akatuma maagizo ya chakula na malazi, na baadaye akauliza habari zao. Wengine walimcheka, bibi aliyeandikiana na mawaziri kuhangaika na kitoto cha paka. Sisi tunaona ni mkono ule ule.

Uzeeni macho yalififia, kisha kumbukumbu. Alipopewa nishani ya Order of Merit mwaka 1907, mwanamke wa kwanza kuipata, hakufahamu vema ni nini kilicholetwa. Alihudumiwa na kugeuzwa kitandani na wengine, hana tena kazi ya kumpa mtu, na hakuna aliyeuliza anakula kwa faida gani. Alikufa usingizini tarehe 13 Agosti 1910, miaka 90. Taifa lilitaka kumzika Westminster Abbey penye wafalme, jamaa zake wakakataa kwa wasia wake. Alizikwa karibu na wazazi wake katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Margaret huko East Wellow, penye jiwe lenye herufi mbili za jina lake na miaka yake, basi. Bundi Athena, aliyekaushwa, angali anaonekana katika nyumba ya makumbusho ya Florence pale hospitali ya St Thomas.

Sasa habari ya yule wa kwetu. Kwa muda yuko nyuma ya nyumba ya mzee wa kanisa, chini ya mkokoteni mbovu, na mama wa nyumba hiyo anampelekea uji asubuhi na jioni. Hawezi kukaa hapo siku zote kwa sababu wajukuu wako wengi, na jumanne moja alimnyakua mmoja mkono, bila kumtoboa, alipokanyagwa mkia akiwa amelala. Bwana mifugo amekwisha kumchanja, karatasi ipo. Hana ugonjwa ila uzee. Tunatafuta nyumba yenye ua na lango, isiyo na watoto wadogo wala mbwa wengine, ikiwezekana ya mtu mstaafu au mjane anayekaa peke yake na ambaye haogopi mbwa. Akina mama wa Umoja wa Mama wameahidi dagaa na pumba kwa miezi sita ya kwanza, na kijana mmoja wa kwaya atakuja kumwosha kila mwezi. Habweki sana tena, lakini usiku mtu asiyemjua akishika lango, anasimama.

Atakayeweza amwone mzee wa kanisa baada ya ibada ya pili Jumapili yoyote, na tafadhali aje kwanza bila haraka, akae naye kidogo pale penye mkokoteni. Gunia lipo tayari.